Cheche ya Manjano

Mchana inawaka. Hilo ndilo la kwanza niliandika
nyuma ya risiti ya maji.
Mchana, jua la Mabela likichoma hata kivuli,
inawaka kwa mguso mmoja.
Alfajiri, ukungu wa chumvi ukilalia boneti
kama shuka lililofuliwa lisikamuliwe,
inakohoa, inakohoa,
inanyamaza.

Datsun ya marehemu kaka Muhsin, ya mwaka sabini na tisa,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Majirani wana magari yanayojiegesha yenyewe.
Mimi nina mkweche, na ufunguo uliofungwa kamba ya kiatu.

Ami Sleyum hakushuka hata barazani.
"Kabureta hiyo," alisema kutoka dirishani,
kama alivyosema mwaka jana kuhusu pampu ya maji,
kama alivyosema kuhusu ndoa yangu.

Nikachomoa waya wa silinda ya kwanza,
nikauvika plagi ya akiba, nikailaza juu ya chuma cha injini,
nikamwita Ghaliya: "Piga stata, mwanangu."
(Ghaliya hunisikia Kiswahili, hunijibu Kiarabu.
Ndivyo tulivyo, mama na binti,
kila mmoja ng'ambo ya meza yake.)
Cheche ikaja. Ya manjano, nyembamba,
kama mtu anayeitikia salamu bila kuinua kichwa.
Cheche yenye afya ni ya buluu na ina mlio,
ta, ta, ta, kucha juu ya sinia.
Yangu haikusema kitu.

Betri nilipima: nzima.
Platini nilizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa,
nikapima pengo lake kwa kadi ya mwaliko wa harusi
ya watu ambao sasa wameachana.
Kondensa mpya. Koili mpya,
riale nne na baisa mia tano kwa Kuttan wa sanaiya,
ambaye hakutaka kuniuzia.
Aliigeuza koili ile ya zamani mkononi,
akaniuliza inazima saa ngapi,
akaniuliza kuhusu umande,
kisha kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, nami kwa changu:
"Tazama usiku. Taa hapana. Macho tu."

Saa kumi, kabla ya adhana,
nilizima taa ya ua, ya jiko, ya ngazi.
Sikuwahi kuona giza la nyumba yangu mwenyewe.
Nikakaa kwenye usukani, Ghaliya akainama kwenye injini,
nywele kazikusanya kwa mkono mmoja.
Nikapiga stata.

"Mama! Inatoroka!"

Kwa Kiswahili. Neno la bibi yake,
la kuku wa jioni wasiotaka kuingia bandani.
Nikashuka, akakalia yeye, nikaona:
juu ya kifuniko cha distribyuta, uzi wa buluu
ukitambaa kutoka shingo la waya
hadi kibanio cha chuma, kupitia ufa
mwembamba kuliko unywele.
Buluu, jamani. Buluu safi.
Haikuwa dhaifu hata siku moja.
Ilikuwa inaondoka na nguvu zake zote
na kumwagika njiani, unyevu ukiishika mkono,
plagi zikiletewa makombo.

Kifuniko cha aina ile Kuttan hana, na aliye nacho
yuko Sohar, na huyo hapokei simu.
Tukakikausha kwa kikaushia nywele,
tukaukwangua ufa kwa sindano mpaka masizi yakaisha,
kisha Ghaliya akaleta rangi yake ya kucha,
ile ya komamanga, akaupaka mara mbili,
akipuliza kati ya mpako na mpako,
akinisimulia mambo ya chuo
kwa lugha zote mbili, bila kuchagua.

Asubuhi ukungu ulikuja kama kawaida.
Gari likawaka kabla sijamaliza bismillahi.

Dirisha la juu likafunguka.
"Si nilikwambia," akasema Ami Sleyum.
"Kabureta."