Penseli na Wino wa Kijani

Ndani ya jalada la nyuma, pale tulipobandika
kifuko cha kadi ambazo siku hizi hatuzitumii,
wasomaji wa Malindi hupachika vikaratasi.
Hakuna aliyewaamuru. Karani ni mimi, ningejua.
"Soma, ila usianze usiku, utachelewa kazini."
"Kurasa arubaini za mwanzo ni maganda. Vumilia."
"Kilinifaa nilipofiwa. Kirudishe upesi, kuna mwenzio atafiwa."
Na kimoja, kwenye kitabu cha ufugaji wa nyuki:
"Sina mzinga wala shamba. Nimekisoma mara tatu."

Huyo ni Penseli.
Herufi zake zimelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe,
nyuma ya risiti za unga.
Hasifu ovyo. "Si kibaya" yake
ni vigelegele vya watu wengine.

Na Wino wa Kijani humfuata nyumanyuma.
Anachokisifu Penseli, yeye hukiazima wiki ile ile,
kisha chini yake, kwa kijani: "Mwenzangu, macho unayo?
Mwanamke wa sura ya tisa hakusamehe. Alichoka tu.
Usichanganye."
Penseli: "Kuchoka ndiko kusamehe kwa watu wazima."
Kijani: "Hujaolewa wewe."
Penseli: "Kweli. Nimeoa."

Miaka sita wamegombana hivyo, rafu kwa rafu,
bila kuonana. Mimi nawajua wote wawili.
Kijani ni Jumwa, muuguzi wa wodi ya wazazi,
huja Jumanne akitoka zamu, viatu mkononi.
Penseli ni Mwambire, bawabu wa usiku kule Casuarina,
huja Alhamisi.
Katikati kuna Jumatano, na mimi,
na mdomo wangu nimeufunga.

Mwezi wa Machi penseli ilinyamaza.
Kijani aliuliza ndani ya riwaya, ndani ya kitabu cha mapishi,
mwisho hata ndani ya sheria za ardhi:
"Penseli, uko wapi? Nimesifu upuuzi kusudi, nawe kimya?"

Nikafanya la kipumbavu. Nikachonga penseli,
nikalaza herufi, nikaandika nyuma ya risiti ya unga:
"Kitabu kizuri sana. Kila mtu akisome."
Jumanne jibu likanisubiri:
"Wewe si Penseli. Penseli hajapata kusema 'kila mtu'."

Alhamisi nikaenda Maweni, nikaulizia kwa Mwambire.
Alikuwa kibarazani, jicho moja limeingia ukungu mweupe,
la pili linaelekea huko huko. Kazini walimwambia
mlinzi asiyeliona geti ni mgeni kama wageni wengine.
Hakuongeza neno juu ya hilo. Akanusa.
"Umekuja na kitabu."
"Ndiyo."
"Nani kakisifu?"
"Kijani."
"Basi kina walakini. Soma."

Nikasoma mpaka adhana ya alasiri, nikarudi kesho,
na kesho yake, kwa sauti yangu ya karani
iliyozoea kutaja tarehe na faini,
naye akinikatiza: "Polepole hapo. Rudia. Hapo anadanganya."
Tulipomaliza alikaa kama mtu anayehesabu chenji.
Kisha: "Una penseli?"
"Kalamu ninayo."
"Nimesema penseli."
Mkewe akaleta kipande cha mjukuu, kimetafunwa kichwani.

"Andika. Kijani, siku hizi hata macho naazima.
Kitabu si kibaya.
Ila mwandishi kamwua punda bila sababu,
na hilo umelipita kama hukuliona.
Sasa nani kipofu?"

Nikaandika. Akaivuta karatasi mpaka puani,
akaigeuzageuza kwenye mwanga uliobaki,
akanirudishia.
"Zimesimama mno," akasema. "Zilaze kidogo."