Kuhusu

Mifuko ya saruji naipata Keko, kwa vijana wa zege,
mia mbili mmoja, mia kama umenyeshewa.
Ngozi ya nje naitupa. Ya ndani ndiyo karatasi:
rangi ya chai kavu, ngumu, haina aibu.
Naikung'uta mpaka nyusi zangu zinakuwa za bibi,
naloweka, naanika kwenye kamba na soksi za jirani,
kisha pasi ya mkaa, polepole, mpaka inyooke
kama mtu aliyeombwa radhi.

Gundi ni uji wa muhogo na mwarobaini kidogo,
maana mende wa huku wanasoma kuliko watoto wetu.
Uzi ni wa fundi viatu, nimeupitisha kwenye mshumaa.
Vitambaa ni makombo ya Fundi Mchatta:
kola zilizokataliwa, mikono iliyozidi,
kitenge cha sendofu iliyoahirishwa.
Risiti za luku hufifia zikabaki nyeupe.
Nazibandika hivyo hivyo.
Umeme uliokwisha nao ulikuwa umeme.

Tisa kwa wiki, kumi mvua isiponyesha.
Wateja wa Msasani huyanusa kwanza madaftari yangu. Sijui kwa nini.

Hili ni jingine.

Mama alipofariki, shangazi Somoe aligawa vitu
kama anayegawa karata, haraka, asionwe machozi.
Mimi nikaangukiwa na kanga, upande mmoja wa doti,
imepauka. Upande wa pili hatujui ulikwenda na nani.
Jina lake: YA KWANGU HAYAKUHUSU.
Na kweli hayakutuhusu. Mwanamke yule
alikula na siri yake sahani moja miaka arobaini,
akaiachia nyama.

Kwenye pindo, fundo. Nililifungua kwa meno.
Nilitegemea sarafu,
nikakuta kifungo cha shati, cha kaki, matundu manne,
uzi wake bado umo, umekatwa, haukung'oka.
Baba hakuwahi kuvaa kaki.
Baba alikuwa mtu wa msuli na fulana.

Miezi minane mkasi ukawa unaniangalia.
Kanga ya marehemu haikatwi, alisema Fundi Mchatta.
Fundi Mchatta ana makabati. Mimi nina chumba na beseni.
Nikapima jalada, nikapiga chaki,
nilifuata maua ya pindo, sikufuata herufi,
nikakata.

Mkasi ulipita katikati ya neno.
Kushoto: YA KWANGU HAYA.
Kulia: KUHUSU.

Nikakaa sakafuni.
Neno lililotufukuza mlangoni tangu utotoni
kumbe lilikuwa na bawaba.

La kulia nikalibandika mbele, uji ukiwa bado moto.
La kushoto nikalishona ndani, likawa mfuko
wa kuwekea nisiyoyajua.
Kifungo kikawa kifungo: kinafunga jalada,
na yule wa kaki, awe nani, anakitumikia hapo.

Jumamosi mama mmoja mwenye miwani
alilishika, akalinusa, akauliza bei.
Nikataja bei ya madaftari tisa.
Akafungua pochi.
Nikasema samahani, halijakauka.

Lilikuwa limekauka mwezi mzima.

Usiku nalifungua. Ukurasa wa kwanza una chembe ya saruji
ambayo sikuikung'uta vizuri. Kalamu ikifika pale inaruka,
kwa hiyo kila ninapoandika mama
inatoka ma,
kitobo,
halafu ma.