Chupa ya Vazha

Kabla ya kiwanda palikuwa na dirisha.
Dirisha la jikoni, ghorofa ya chini, Kutaisi,
miaka ile umeme ulipokuwa mgeni
abishaye hodi usiku wa manane
na kuaga kabla chai haijachemka.

Mama alichemsha plamu mbichi, zile ndogo chachu
zinazomkunja uso hata aliyelala.
Akatwanga saumu, giligilani, mnanaa wa kinamasi,
akaonja kwa mwiko, akasema, "Bado."
Akaonja tena. "Bado."
Nasi wenye njaa tukiingoja "tayari" kama mshahara.

Sosi ilikuwepo. Chupa hazikuwepo.
Nikatumwa, umri miaka tisa, na kapu,
nyuma ya stesheni kuokota chupa za limonadi.
Nilizisugua kwa mchanga na majivu
mpaka vidole vikajikunja kama vya bibi.

Sharti lilikuwa moja: umenunua sosi,
hukununua chupa. Rudisha.
Aliandika pembeni mwa daftari langu la hesabu:
Guliko, mbili. Mke wa fundi viatu, moja.
Vazha wa ghorofa ya tano, moja, atalipa Ijumaa.

Ijumaa ilikuja. Vazha hakuja.
Tukasikia yuko Urusi, anapiga plasta nyumba za watu.
Mama hakulifuta jina.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila hakuna aliyetuambia
kibaba kikishajaa kinafurikia wapi.
Kilifurikia sokoni, kwenye meza ya kukodi.
Kikafurikia gereji ya mjomba Zurabi,
aliyeuza gari akisema gari haliliwi.
Kikafika benki, ambako kijana mwenye tai
aliomba mapishi kwa gramu.
"Andika," Mama akamwambia, "mpaka ulimi uruke."

Kiangazi kimoja chupa mia nne
zilichacha zikapasuka dukani Batumi, usiku mmoja.
Mwenye duka alilala chini ya kitanda
akidhani vita vimerudi.
Tulimlipa yote. Bangili za Mama
sijaziona tangu wiki ile.

Ndipo akaja mtaalamu wa koti jeupe
na kifaa cha kupima uchachu.
Mama alinuna siku tatu. Siku ya nne
akaonja mitungi kumi, amefumba macho,
akataja ule ambao kifaa kilikuwa kimeuchagua.
Akakipangusa kwa aproni yake:
"Nacho kina ulimi, maskini. Kinakosa njaa tu."

Sasa mashine inajaza chupa elfu sita kwa saa.
Wafanyakazi mia na themanini; majina nayajua arobaini.
Chupa zikivuka lango hazirudi,
zimekwenda Riga, zimekwenda Warsaw,
na hakuna anayeziandika pembeni mwa kitu chochote.

Jumanne mlinzi akanipigia simu:
"Eteri, kuna mzee langoni ana chupa.
Si muuzaji, wala halalamiki.
Fomu ya wageni haina mstari wake."

Alikuwa na kofia mkononi,
na chupa imeviringishwa gazeti la Kirusi.
"Sosi ilipokwisha," akasema, "nilitia maji,
nikatikisa, nikayanywa.
Siku ya pili nikatia tena.
Mwisho yalikuwa maji matupu, na bado nilikuwa natikisa."
Akatoa noti za kuponi, pesa ya miaka ile,
isiyonunua leo hata njiti ya kiberiti.
"Hizi ndizo ninazodaiwa. Hesabu."

Nilihesabu. Zilitimia.

Jioni nilimpigia Mama:
Vazha wa ghorofa ya tano amerudisha chupa.
Akanyamaza. Nilisikia redio yake,
nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
Halafu akauliza, "Imeoshwa?"

Nikashuka kiwandani na ile chupa,
nikapita matangi ya chuma, mabomba, vitufe vya kijani,
nikitafuta majivu.