Bei Mbili, Quriyat

Mundhir ana bei mbili, anazitaja kwa vidole
vyenye makovu ya mshipi:
karibu, saa nne, riyali thelathini na tano;
mbali, kutwa nzima, mia na kumi,
barafu na chakula juu yake.
Kiswahili chake ni cha bibi yake wa Wete,
kina maneno ambayo sisi tumeshayaacha.
"Mwatakani?" anauliza. "Mwataka samaki, au mwataka bahari?"

Mimi nilishaamua tangu Jumanne,
ghalani kule Ghala, nikihesabu katoni za vigae:
tutakwenda mbali.
Maili ishirini, maji yanapogeuka wino,
jodari anavuta mpaka mgongo unalia,
fulusi anaruka na kijani chake chote,
na nduaro, Mungu akipenda, mara moja kwa msimu.
Baba anayeonekana mara moja kwa miaka miwili
haleti changu.
Baba wa namna hiyo huleta picha
ya samaki mrefu kuliko mtoto,
mtoto aipeleke shule, Tanga,
aseme: huyu hapa, wa kushoto, baba yangu.

Salha kakaa juu ya pipa la bluu,
koti langu limemmeza mpaka magotini.
Ana miaka kumi na moja.
Nikijumlisha likizo zangu zote
nimehudhuria miezi tisa.
Anakitazama kile kimnara juu ya mwamba, mdomoni mwa bandari,
kisha anauliza, si mimi, anamuuliza Mundhir:
"Huko mbali, nchi kavu inaonekana?"
"Haionekani, mwanangu. Maji tu."
"Na simu?"
"Simu haikamati."
Akatikisa kichwa polepole, kama daktari
anayesomewa dalili anazozijua.
"Basi huko nakujua," akasema. "Ndiko anakokaa baba."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamenya chungwa.
Mundhir akainama kukaza fundo
ambalo halikuwa limelegea.
Nami nikazihesabu noti upya, mia na kumi,
zikawa mia na kumi.

Nikatoa thelathini na tano.

Tukaenda karibu.
Karibu kiasi cha kumwona mtu akianika shuka,
kiasi cha kulisikia gari la taka
likirudi kinyumenyume, likilia.
Boti ya faiba, injini mbili, moja imezimwa ipumzike.
Chambo, vipande vya ngisi.
Mundhir akampa Salha mshipi wa mkono:
"Usiubane. Usikilize kwa kidole hiki."
Akasikiliza. Sijawahi kumwona mtu
akisikiliza hivyo, hata mimi kwenye simu
siku za Ijumaa, saa mbili usiku, dakika kumi.

Na mimi, mtaka jodari,
kwenye maji yaliyotulia kama chai iliyosahauliwa,
nikatapika mara mbili.
Salha alinishika paji la uso.
"Ingekuwa mbali ungekufa," akasema,
akacheka, kwanza kidogo, kisha sana,
kicheko cha mama yake, kile kinachokwama katikati
halafu kinaendelea. Nilikuwa nimekisahau.

Changu saba. Pono mmoja, tukamrudisha.
Kolekole mmoja, urefu wa kandambili.
Picha ipo. Kolekole haonekani vizuri,
kidole changu kimeziba kona ya lenzi.

Tunarudi, Mundhir anapiga kelele juu ya injini:
kwa Kiarabu, karibu ya masafa ina neno lake,
karibu ya mlangoni ina lake;
ninyi mmezifanya moja, kwa nini?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekumbatia ndoo.

Riyali sabini na tano zikabaki mfukoni, zimelowa chumvi.
Usiku nikazitandaza juu ya meza ya kupigia pasi,
moja moja, zikauke,
na Salha, mdomo umejaa wali na changu, akauliza
nauli ya kutoka hapa mpaka Tanga ni kiasi gani
kwa mtu mmoja,
mkubwa,
kwenda tu.