Sinia Kumi na Mbili

Darini kwetu Majengo, baina ya tangi na kamba za nguo,
nimepanga sinia kumi na mbili za udongo.
Sita nilichota Mwakirunge, ndani ya seng'enge,
pasipokanyaga kwato mwaka wa tisa huu.
Sita, hatua tatu nje ya seng'enge hiyo hiyo,
wanapolisha ng'ombe wa Mwero masika na kiangazi.

Maji nanunua kwa mkokoteni.
Bi Swafiya, akianua kanga zake, aniuliza:
"Wautilia maji mtanga mtupu? Wangoja uzae nini?"
Nangoja uniambie unachokumbuka.

Tulifunzwa akiba haiozi.
Huoza, Bi Swafiya. Mbegu ya nyasi zetu
hulala chini msimu mmoja, ikizidi sana miwili,
kisha ni vumbi, au chakula cha chungu.
Lazima kila mwaka suke likomae, lipukutike, liweke upya,
na ng'ombe hajui kungoja suke.
Hulila lingali wazo.

Wiki ya tatu nahesabu kwa kijiti cha mshikaki.
Sinia za ndani: nyasi mia na nne,
laini kama nywele za mtoto wa arubaini.
Za nje nilitazamia upara.
Kumbe zimefurika! Kijani hadi ukingoni.
Nikainama:
mbigili, ndago, kishona nguo,
kila alichokikataa ng'ombe.
Nyasi, tatu.

Jumapili Mwero alipanda ngazi, viatu mkononi,
na bintiye Mbeyu, ambaye jina lake
kwa Kigiriama ni mbegu, na amechoka kuambiwa.
Nikamwonyesha. Hakubisha.
"Zamani tulihama," akasema,
"tukirudi majani yametusahau.
Sasa kaskazini vigingi, kusini jaa la taka.
Niwahamishie wapi, hapa kwenu darini?"
Bi Swafiya akacheka, kisha akanyamaza.

Mbeyu alikuwa amechutama kwenye sinia ya tisa.
"Hizi tatu zimetoka shimo moja."
Kweli: udongo ule niliuchota kwenye alama ya kwato,
kijishimo kilichotuama mvua.

"Nikifunga kipande," Mwero akauliza, "miezi mingapi?"
Sikuwa na hesabu ya kumpa. Mvua mbili, labda.
Labda tano.
Alichovya kidole katika sinia, akakitazama,
akakipeleka kwenye shati kukipangusa,
akasita,
akaurudisha udongo mahali pake.