Safu ya Dereva

Daftari lina safu tano, Longino alizipiga kwa rula ya misheni:
tarehe, maili, mafuta, hitilafu, dereva.
Miaka thelathini na moja safu ya mwisho ni jina lake,
na chini yake vile vialama viwili vya kurudia
vikishuka ukurasa kwa ukurasa
kama nyayo za ndege kwenye majivu.

Landrova tuliiita Mkwe.
Haigombwi, haipigwi teke,
asubuhi unaiendea na kitu mkononi:
oili kidogo, maji, neno la heshima.
Ilitufikisha Karema, tukaonja ziwa tukidhani lina chumvi.
Ikatuvusha Mtambaswala hadi Lichinga,
tukalala juu ya keria, nikasikia watu wakicheka Kiyao
nikajua bado tuko nyumbani.
Ikatufia Kibondo siku tisa kwa ajili ya beringi moja
iliyokuja kwa basi, imefungwa ndani ya soksi.

Safari hii ilikuwa ya kunyoosha magoti tu:
Ndanda, Kilwa, Nangurukuru, Liwale, turudi kwa Nachingwea.
Majirani wakasema, masika haya, wazee?
Longino akajibu: barabara haiulizi umri, inauliza springi.

Liwale, kwenye kituo cha mafuta,
aliinua uso kwenye ubao wa bei, akakawia,
akaniuliza, "Wameandika ngapi?"
Tarakimu zilikuwa kubwa kama milango.

Nami nilikuwa muuguzi wa macho.
Nimewamulika watu tochi miaka ishirini na miwili,
wa Chikundi, wa Lukuledi, wa Nangoo,
na huyu nimelala naye kitanda kimoja.

Nikarudi nyuma kama atafutaye ufunguo:
tangu lini nilianza kusema "shimo, kulia",
"mbuzi", "daraja la magogo, taratibu",
nikidhani ni maongezi ya ndoa?
Maili ngapi ameziendesha kwa sauti yangu?

Kabla ya Mbwemkuru tope likatushika,
lile jeusi la mbuga, linalovua watu viatu.
Mkwe akakaa hadi ekseli
kama mgeni aliyesikia harufu ya wali.
Longino akazipapasa tairi, moja moja,
kama anayechagua mapapai.
"Ya nyuma kushoto ina mzizi chini yake. Tuanzie hapo.
Shika usukani, mimi nisukume."
Vijana wawili waliotoka kupalilia ufuta
wakakata matawi, wakasukuma,
wakakataa pesa, wakapokea chumvi ya Kilwa.

Gari likatoka likikohoa.
Nikangoja ahame aje upande wake.
Akazunguka, tope hadi kifuani,
akafungua mlango wa kushoto, akakaa penye kiti changu,
akafunga mkanda wenye fundo langu.

"Longino."
"Gia ya pili inagoma," akasema. "Ibembeleze."

Tukaenda. Mimi naona, yeye anasikia.
"Hapo changarawe." Kweli, changarawe.
"Umechelewa klachi." Kweli.
Jua likazama, taa moja ikazimika, nyingine ikawa ya rangi ya chai.
"Mbele kuna nini?"
"Barabara."
"Nzuri?"
"Mbaya."
"Basi vizuri."

Nachingwea, gesti, maji ya ndoo.
Nikafungua daftari juu ya goti.
Tarehe. Maili. Mafuta.
Kwenye hitilafu nikaandika: tope.
"Andika zote," akasema, mgongo umeelekea ukutani.
Nikaandika: taa.

Safu ya mwisho kalamu ikasimama hadi wino ukafanya nukta.

"Dereva umemweka nani?"
"Kama juu."

Akanyoosha mkono akalichukua,
akapitisha kidole gumba juu ya karatasi,
polepole, kushoto kwenda kulia,
herufi baada ya herufi, zote kumi,
akarudia tena.

"Skola," akasema,
"siku zote unakandamiza kalamu."