Mpira wa Usukani

Julai, Uwemba. Chuma cha usukani asubuhi hii
kinauma kama upupu.
Baiskeli ya Otilia imelala kibandani kwangu tangu jana,
magurudumu juu, keria imekwaruza gunia langu la viazi,
na gari la maziwa halimngoji mtu.

Kwanza, vua.
Marehemu Menradi, aliyenifundisha kazi hii
akinuka ulanzi na gundi,
hapo alikuwa hasamehe:
"Humvishi mtu shati jipya juu ya shati chafu.
Fika kwenye chuma."

Nikapitisha kiwembe.
Mpira wa juu mweusi, umepasukapasuka
kama kisigino cha kiangazi.
Chini yake mpira mwingine, mwekundu, wa tyubu ya lori.
Chini yake kanga. Zimebaki herufi nne, SUBI,
sijui ilikuwa inasifu subira
au inamwonya mtu asisubiri.
Mikono mingapi imepita hapa,
kila mmoja amefunga juu ya mwenzake,
hakuna aliyefungua.
Na chini kabisa, imeshikana na kutu,
sufu ya bluu.

Kiwembe kikasimama.
Bluu ile naijua. Ina kiraka cha uzi mweupe penye kiwiko,
mishono ya mama, mirefu, isiyo na mpango,
mishono ya usiku, kibatari kikiishiwa.
Sweta langu la darasa la nne,
lililopotea mwaka pareto ilipokosa mnunuzi.
Nilichapwa kwa kulipoteza.
Baba ndiye aliyenichapa,
baba, aliyetoka kila siku saa kumi alfajiri
kwa baiskeli hii, kabla hajaiuza Lupembe.
Fimbo aliishika vizuri, nakumbuka.
Vidole vyake msimu ule
vilikuwa na joto.

Nikalichovya kwenye mafuta ya taa,
nikasugulia kutu.

Sasa, tyubu. Ikate kwa urefu, upana wa vidole viwili,
uifute unga wake mweupe.
Anzia mwishoni, kiganja kinapoishia,
usianzie katikati: ukianzia katikati
kingo zinautazama mkono,
na mkono ukisukuma mlima wa Kifanya
utaziamsha moja baada ya nyingine.
Vuta, lakini si kwa hasira.
Mpira uliovutwa kwa hasira hunyamaza mezani kwa fundi,
ukaja kukatika jioni, mtu yuko mteremkoni.
Kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia.
Penye breki punguza mwendo, pita chini, rudi juu,
usiache chuma kichungulie.
Kulia zungusha kuelekea nje,
kushoto nako nje, maana yake kinyume:
pande mbili za usukani mmoja
hazifungwi kwa njia moja.
Hilo Menradi alilisema mara nyingi,
na sikuwahi kumuuliza kama bado anazungumzia baiskeli.

Otilia akaingia na madumu mawili, pumzi yake moshi.
"Kamwene."
Akashika. Akakunja uso.
"Umeninyang'anya unene."
"Nimefika kwenye chuma, mama. Kazi ndivyo ilivyo."
"Kazi yako. Mikono yangu imezoea kushika kitu,
hii ni kama kushika mkia wa panya.
Huu wa kushoto una baridi yabisi. Urudishie ulichotoa."

Nilitazama kile kitambaa sakafuni,
cheusi sasa, kimelewa mafuta ya taa.
Nikakikamua. Nikakianika juu ya jiko la mkaa,
mbali kidogo, kisije kikashika moto,
huku akihesabu dakika kwa ulimi.
Nikafungua upande wa kushoto mpaka mwanzo,
nikazungusha sufu kwanza, kiraka kikiwa chini ya kidole gumba,
kisha mpira.

Akabana. Akabana tena.
"Hapo," akasema, akanimiminia nusu lita badala ya pesa
na kukataa kuongeza.
Nikamsikia akishuka, madumu yakigongana,
kengele hana, anapiga mluzi kwenye kona.
Nikanywa maziwa yangu nimesimama.
Yalinuka mafuta ya taa, au ni vidole vyangu.